Siri ya Bi. Alving: Tamthilia Iliyokosa Jukwaa

Tarehe 20 Mei 1882, katika ukumbi wa Aurora Turner mjini Chicago, kundi la wahamiaji wa Denmark na Norwei walipanda jukwaani kuigiza tamthilia ambayo majumba makubwa ya nchi walizotoka yalikuwa yameikataa. Wengi wao hawakuwa waigizaji wa kulipwa. Aliyewaongoza kwa uzoefu alikuwa Helga von Bluhme, aliyechukua nafasi ya Bi. Alving, na lugha iliyosikika ilikuwa ileile ambayo Henrik Ibsen aliandikia. Hivyo ndivyo Gengangere, ambayo hapa nitaiita Mizuka, ilivyooneshwa hadharani kwa mara ya kwanza duniani: ng'ambo ya bahari, mbele ya wahamiaji, ilhali Copenhagen, Stockholm na Kristiania milango ilikuwa imefungwa.

Kisa chenyewe ni cha nyumba moja. Bi. Helene Alving, ambaye amekuwa mjane kwa miaka kumi, yuko mbioni kufungua kituo cha watoto yatima kitakachobeba jina la marehemu mumewe, Kapteni Alving, mtu aliyesifiwa wilaya nzima. Mchungaji Manders amekuja kutoa hotuba ya ufunguzi. Osvald, mtoto wa pekee wa marehemu kwa kadiri watu wanavyojua, amerudi kutoka Paris anakofanya kazi ya uchoraji. Regine ni binti wa kazi, na Jakob Engstrand, seremala mwenye mguu mbovu, anajulikana kuwa babake. Watu watano, chumba kimoja, muda usiotimia siku nzima, na mvua isiyokatika nje. Kabla ya pazia la mwisho tutakuwa tumejua kwamba Kapteni alikuwa mlevi na mzinzi hadi siku aliyokufa. Kwamba mkewe alimkimbia kabla ya mwaka mmoja wa ndoa kutimia akaenda kwa Manders, aliyempenda, na Manders akamrudisha kwa mumewe akatimize wajibu wake. Kwamba Kapteni alimpa mimba mtumishi wa nyumba, Johanna, aliyepewa fedha za kumnyamazisha, kisha akaolewa na Engstrand. Kwamba Regine, ambaye Osvald anamtaka, ni dada yake. Na kwamba Osvald ana maradhi yanayomla ubongo.

Kuna jambo katika sehemu ya kwanza ambalo wasomaji wengi hulipita haraka. Bi. Alving amepiga hesabu. Fedha alizozitoa mwaka hadi mwaka kwa ajili ya kituo zinalingana sawasawa na mali iliyomfanya Kapteni aonekane mchumba wa kugombaniwa enzi za ujana wake. Kwake hiyo ndiyo bei aliyonunuliwa, na hataki hata senti moja ya fedha hizo imfikie mwanawe. Osvald atarithi kwa mama tu. Mwanamke huyu amekaa usiku mwingi na daftari la mahesabu, akatenganisha mali ya mume na jasho lake mwenyewe, akaitoa thamani ya ndoa yake yote iwe sadaka yenye jina la mtu anayemchukia. Kwangu mimi hapo ndipo penye moyo wa tamthilia. Na historia ya kuigizwa kwake, kuanzia Chicago hadi leo, ni historia ya jinsi watu wa jukwaani walivyochelewa kumsikia mke huyu, kwa sababu walishughulishwa mno na ugonjwa wa mwanawe.

Mizuka ilizaliwa na tamthilia nyingine. Mwaka 1879 Ibsen alitoa Et dukkehjem, ambayo maelfu ya wanafunzi wa sekondari nchini Kenya wameisoma kwa jina la A Doll's House, na ndani yake Nora anamwacha mume na watoto, anatoka na kufunga mlango. Ulaya ilitikisika. Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mwisho huo akisema yeye hangewaacha watoto wake. Ibsen, kwa uchungu, akaandika mwaka 1880 mwisho mwingine ambapo Nora anabaki, na yeye mwenyewe akauita mwisho huo ukatili. Wakosoaji walikuwa wakisema kwamba mke mwema hubaki. Ibsen akawaandikia mke aliyebaki. Mwaka 1882 alieleza katika barua kwamba baada ya Nora ilikuwa lazima Bi. Alving aje, na ukizisoma tamthilia hizo mbili kwa kufuatana huhitaji kuelezwa zaidi. Bi. Alving alivumilia. Alikaa mezani na mumewe akinywa naye usiku ili asitoke nje kutangaza aibu, akaendesha shamba huku sifa zikienda kwa mume, akampeleka mtoto mbali akiwa na umri wa karibu miaka saba ili asiyaone ya nyumbani. Alifunika kombe, na mwanaharamu hakupita: alikuwa ndani ya nyumba, akipeleka kahawa na kupanga maua.

Ibsen aliiandika mwaka 1881 mjini Sorrento, kusini mwa Italia, chini ya jua ambalo Osvald analililia hadi neno lake la mwisho. Alikuwa ameondoka Norwei mwaka 1864, na hakurudi kuishi kwao hadi 1891. Lakini aliondoka na lake. Akiwa kijana wa miaka 18, mwanafunzi wa kazi katika duka la dawa mjini Grimstad, alizaa mtoto na mtumishi wa nyumba hiyo, Else Sophie Jensdatter, aliyemzidi umri kwa takriban miaka kumi. Mtoto huyo wa kiume alizaliwa mwaka 1846. Ibsen alilipa gharama za malezi kwa miaka mingi, na jambo hilo likabaki pembezoni mwa maisha yake. Sisemi kwamba Kapteni ni Ibsen. Nasema tu kwamba aliyeandika kuhusu Johanna na bintiye hakuwa akiandika habari ya kusimuliwa.

Kitabu kilitoka Desemba 1881 katika nyumba ya uchapishaji ya Gyldendal, Copenhagen, nakala 10,000. Magazeti yalikilaani, wauza vitabu wakarudisha mizigo, na familia zenye heshima hazikutaka kionekane sebuleni. Toleo jingine halikuchapishwa hadi 1894. Fikiria mwandishi maarufu kuliko wote wa nchi yake, akiwa katika kilele cha jina lake, kitabu chake kinakaa ghalani miaka mingi hivyo. Mwandishi mwenzake Bjørnstjerne Bjørnson na mhakiki Georg Brandes walimtetea, ila utetezi wa watu wawili haukutosha kufungua mlango wa jumba la maonyesho.

Aliyeufungua Ulaya ni Msweden, August Lindberg. Tarehe 22 Agosti 1883, mjini Helsingborg, kampuni yake iliigiza Mizuka huku yeye mwenyewe akiwa Osvald na Hedvig Raa-Winterhjelm akiwa Bi. Alving. Kisha wakaizungusha Skandinavia, wakafika hadi Kristiania, mji mkuu wa Norwei, ambako wenyeji waliitazama tamthilia ya mwandishi wao ikisemwa kwa Kiswidi na kampuni ya wageni, kwa kuwa jumba lao kubwa lilikuwa limeikataa.

Kutoka hapo ikaingia nchi nyingine kwa njia ambayo imebadilisha sanaa ya jukwaa hadi leo. Penye udhibiti wa serikali, onyesho la hadhara lilihitaji kibali. Onyesho la wanachama peke yao halikuhitaji. Huko Ujerumani, onyesho la Augsburg mwaka 1886 lilikuwa la faragha, Berlin ikafuata Januari 1887, na tarehe 29 Septemba 1889 chama kipya kilichoitwa Freie Bühne, chini ya Otto Brahm, kilianza maisha yake kwa Mizuka. Ufaransa, André Antoine, aliyekuwa karani wa kampuni ya gesi, alikuwa ameanzisha Théâtre Libre mwaka 1887. Tarehe 30 Mei 1890 akaipandisha Mizuka jukwaani na yeye akawa Osvald. Uingereza, J. T. Grein, mzaliwa wa Uholanzi, aliunda Independent Theatre na kuifungua kwa tamthilia hiyohiyo tarehe 13 Machi 1891 katika jumba la Royalty, Soho, London. Vyama vitatu vya wapenzi wa jukwaa, miji mitatu, kitabu kimoja. Tamthilia iliyokosa nyumba ikajengewa nyumba, na ndani ya nyumba hizo ndimo ulimokulia uigizaji wa kisasa wa Ulaya, wa sauti ya kawaida na samani halisi.

London panastahili tusimame kidogo. Sheria ya mwaka 1843 ilimpa Lord Chamberlain, ofisa wa kasri la kifalme, uwezo wa kuzuia tamthilia yoyote isioneshwe hadharani, na uwezo huo haukuondolewa hadi 1968. Grein hakuuza tiketi; aliwaalika wanachama. Bi. Theodore Wright, mama mtu mzima ambaye hakuwa nyota wa majumba makubwa, ndiye aliyekuwa Bi. Alving. Asubuhi yake gazeti la Daily Telegraph liliifananisha tamthilia na mfereji wa maji machafu ulioachwa wazi na kidonda kilichofunuliwa bendeji, na mengine yakafuata kwa matusi ya namna hiyo. William Archer, mfasiri wake kwa Kiingereza, aliyakusanya matusi yote akayachapisha pamoja, nayo yamebaki kuwa ushahidi mzuri kuliko uchambuzi wowote. Ukiyasoma utaona wanaume wale wamechafuliwa na nini: harufu, uchafu, kidonda, hospitali. Karibu wote wanautazama mwili wa Osvald. Mke aliyerudishwa kwa mume na mchungaji, akakaa naye hadi alipomzika, hawakumwona, au walimwona na hawakuona ajabu. Kibali cha onyesho la hadhara nchini Uingereza kilipatikana mwaka 1914, muda mfupi kabla ya ulimwengu kuwa na mambo mengine ya kuogopa.

Waigizaji wakubwa wa kiume nao wakaipenda kwa sababu ileile iliyowachukiza wakosoaji. Ermete Zacconi wa Italia alimfanya Osvald kuwa mgonjwa wa wodini, akionesha hatua kwa hatua misuli inavyokataa amri. Pavel Orlenev wa Urusi alizunguka naye nchi nyingi, akafika hadi New York mwaka 1905. Ulikuwa ustadi wa kweli, sitaki kuubeza. Ila mama aliwekwa pembeni ya kitanda, akawa mtu wa kulia.

Ibsen hakuutaja ugonjwa kwa jina, lakini kila mtu alijua ni kaswende. Mwaka 1905 wanasayansi wa Ujerumani walikigundua kijidudu chake, kipimo cha damu kikaja 1906, dawa ya Salvarsan 1910, na katika miaka ya 1940 penisilini ikaifanya iwe ya kutibika. Kama tamthilia ingekuwa ya kaswende, ingezikwa siku hiyo. Haikuzikwa. Tena tiba ilifunua jambo ambalo katika zama za Ibsen lilikuwa bado na ukungu: mtoto haipati kaswende moja kwa moja kutoka kwa baba, huipata tumboni mwa mama. Kwa hiyo Bi. Alving naye aliambukizwa. Mwigizaji wa leo anayelijua hilo anabeba kitu ambacho hakimo katika maneno yake, na hukiweka mahali fulani mwilini: namna anavyokaa, namna anavyokataa kuguswa na Manders.

Msomaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuvutwa mkono hapa. Waliokuwa watu wazima katika miaka ya 1990 wanakumbuka misiba ambayo cheti cha kifo kilisema homa ya mapafu, mume akasifiwa makaburini, na mjane akabaki na siri iliyokuwa pia ndani ya damu yake. Mficha maradhi, kilio kitamfichua. Lakini mara nyingi aliyefichuliwa na kulaumiwa alikuwa mke aliyebaki hai.

Mabadiliko ya kwanza makubwa yalikuja Berlin, tarehe 8 Novemba 1906, miezi sita hivi baada ya Ibsen kufa. Mwongozaji Max Reinhardt alikuwa akifungua Kammerspiele, ukumbi mdogo wa viti kama 300, ambamo mtu wa safu ya mwisho aliweza kuliona jicho la mwigizaji. Alimwomba Edvard Munch, mchoraji wa Norwei, amchoree hali ya chumba. Munch hakumpa vipimo vya milango. Alimpa michoro ya rangi yenye kiti kikubwa cheusi katikati, na inasimuliwa kwamba Reinhardt alisema kiti hicho kinasema yote, na akaagiza kuta zipate rangi ya ufizi mgonjwa. Agnes Sorma alikuwa Bi. Alving, Alexander Moissi akawa Osvald, na Reinhardt mwenyewe akachukua sehemu ya Engstrand. Tangu siku hiyo ugonjwa ulianza kuhama kutoka kwenye mwili wa kijana ukaingia kwenye kuta. Chumba kizima kikawa ndoa ya Kapteni. Nadhani hakuna uamuzi wa mapambo ya jukwaa uliowahi kuielewa tamthilia vizuri kuliko ule.

Kisha wakaja wanawake. Mwigizaji Eleonora Duse, aliyeacha jukwaa mwaka 1909, alirudi 1921 akiwa na umri wa zaidi ya miaka 60, mvi zake wazi, bila rangi usoni. Bi. Alving alikuwa miongoni mwa wahusika wachache aliozunguka nao hadi London mwaka 1923 na kisha Marekani, alikofia Aprili 1924 akiwa safarini. Alla Nazimova, aliyekuwa Regine katika kundi la Orlenev mwaka 1905, miaka 30 baadaye aliiongoza tamthilia mwenyewe New York na safari hii akawa mama. Mwigizaji mmoja alitoka jikoni akahamia sebuleni, na katika safari hiyo tamthilia nzima ilihama naye. Kijana mmoja wa St. Louis aliyemwona alisema baadaye kwamba onyesho hilo lilikuwa miongoni mwa yaliyomfanya atake kuandika tamthilia. Jina lake Tennessee Williams, na mama zake wa jukwaani wana deni kwa Bi. Alving.

Mwongozaji Ingmar Bergman aliichagua Mizuka mwaka 2002 katika jumba la Dramaten, Stockholm, Pernilla August akiwa Bi. Alving, na likawa onyesho lake la mwisho la jukwaani. Mwaka 2013, katika jumba la Almeida, London, Richard Eyre aliipunguza hadi dakika kama 90 bila mapumziko. Lesley Manville, aliyekuwa Bi. Alving, akapata tuzo ya Olivier ya mwigizaji bora wa kike. Kukata mapumziko ni hatua ninayoiunga mkono kwa moyo wote. Siri za nyumba hii hutoka moja ikiivuta nyingine, na mtazamaji akiruhusiwa kwenda kunywa soda anarudi akiwa amejitayarisha.

Ugumu wa kuiongoza uko wapi? Karibu kila kitu kimekwisha tokea. Kapteni amekufa, Johanna amekufa, ndoa imekwisha. Mwongozaji ana vitabu mezani ambavyo majina yake hayatajwi, kiko cha marehemu mdomoni mwa Osvald, mvua, na milango. Mlango wa chumba cha kulia ndio muhimu kuliko yote. Bi. Alving amemsimulia Manders jinsi alivyosikia zamani, ndani ya nyumba hiyohiyo, sauti ya mtumishi ikimnong'oneza Kapteni amwachie. Dakika chache baadaye kiti kinaanguka chumba cha kulia, na Regine anamnong'oneza Osvald karibu maneno yaleyale. Pazia. Mwongozaji mwenye pupa hukigeuza kishindo kile kuwa radi. Inafaa kiwe kelele ya kawaida ya nyumba, kiti tu, ili ukumbi ugundue maana yake kupitia uso wa mama, nusu sekunde baada yake yeye.

Manders naye huharibiwa kirahisi. Akiigizwa kama mnafiki wa kuchekwa, uamuzi wa Bi. Alving wa kumpenda unakuwa upuuzi. Huyu ni mtu anayeamini kweli. Amekataa kukikatia kituo bima ya moto ili watu wasidhani wanakosa imani kwa Mungu, na kituo kinaungua usiku uleule, moto ukionekana dirishani. Engstrand, mjuzi wa binadamu kuliko wote mle ndani, anamwahidi kuibeba lawama ya moto, naye Manders analipa kwa kumsaidia kufungua nyumba ya mabaharia, yenye jina la Kapteni tena.

Mwishoni Osvald amemwonesha mama vidonge vya mofini na kumtaka ampe akishikwa na shambulio. Archer alimuuliza Ibsen kama mama anampa. Ibsen akajibu kwamba hajui, na kwamba hathubutu kuamua jambo zito kiasi hicho; kila mtu aliamue mwenyewe. Waongozaji wa zama za Zacconi waliumulika uso wa kijana katika dakika hiyo. Wa leo huumulika mkono wa mama.

Kikundi kitakachotaka kuipandisha kwa Kiswahili kina waigizaji watano tu wa kutafuta na chumba kimoja cha kujenga. Maneno ya Manders ya kumrudisha mke kwa mumewe hayatahitaji maelezo mbele ya hadhira ya Mombasa, Dodoma wala Bujumbura. Yamesemwa na wachungaji, mashehe, mashangazi na mama wakwe kwa Kiswahili fasaha muda wote. Huenda mvua na fiodi za Norwei zikabaki zilivyo, maana hazizuii mtu kuelewa. Naomba jambo moja: mwongozaji aanze kwa kumtafuta mama, mwanamke aliyevuka miaka 45 anayeweza kusoma mahesabu ya ndoa yake kwa sauti bila kutetemeka, na Osvald achaguliwe baada ya kumsikia yeye.